Anzia chini: Sicilia ya magharibi kwa mtu wa Malindi

Sisi watu wa Malindi tuliwajua Waitaliano kabla ya kuijua Italia. Walianza kuingia kwa wingi kuanzia miaka ya 1960, walipojenga kituo cha kurushia setilaiti kule Ngomeni, na nyuma yao wakafuata wenye hoteli, wapishi wa piza na wastaafu waliokimbia baridi. Kijana anayeuza vinyago ufuoni hapa kwetu atakubembeleza kwa Kiitaliano kinachoteleza, na huenda Nairobi hajafika. Mimi changu nilikipatia nyuma ya meza ya mapokezi ya hoteli, kwa kusikiliza watu wakilalamikia maji ya moto. Ila Italia waliyotusimulia ilikuwa ya kwao wenyewe: Milano, Bergamo, Torino, Ziwa Garda. Ile ya kwenye mabango ni Roma, Venezia na Firenze. Magharibi mwa Sicilia, kile kisiwa kikubwa cha kusini, sikuwahi kusikia mtu akipasifu.

Nina binamu aliyeolewa kaskazini. Nilipomwambia nataka kushuka Sicilia peke yangu, alishika kichwa. "Dada, kule unaenda kutafuta nini?" Mumewe akacheka, akasema kuanzia Roma kwenda chini si Italia tena, ni Afrika. Utani huo wa watu wa kaskazini ni wa zamani na una sumu ndani yake, lakini mimi ulinizidishia hamu. Tangu hapo nimerudi huko zaidi ya mara moja, na kila Mswahili anayeniuliza aanzie wapi Italia namjibu bila kusita: anzia chini, upande unaoitazama Tunisia. Foleni za Colosseo kule Roma hazikimbii.

Palermo si mji uliojificha, najua. Lakini wengi hupita mbio: picha mbele ya kanisa kuu, cannoli mkononi (ganda tamu la kukaangwa lililojazwa jibini laini), kisha treni ya Cefalù kwenda kuogelea. Kinachonipeleka mimi ni kasri la Wanormani, Wakristo wenye asili ya kaskazini mwa Ufaransa walioitwaa Sicilia kutoka kwa Waislamu, ambamo siku hizi hukaa bunge la jimbo. Mfalme wao Roger wa Pili alimweka huko barazani kwake al-Idrisi, mwanajiografia aliyezaliwa Ceuta, akamwagiza amwandikie dunia nzima. Kazi ilichukua takriban miaka 15, ikakamilika mwaka 1154, wiki chache kabla ya mfalme kufariki. Kulikuwa na ramani iliyochorwa juu ya bamba la fedha, ambalo halipo tena, na kitabu cha Kiarabu chenye ramani 70, ambacho nakala zake zimetufikia. Kwenye ramani hizo kusini iko juu. Afrika imekaa kichwani, Ulaya imebanwa chini.

Na sisi tumo. Al-Idrisi, akiandika Palermo, anaitaja Malindi: mji wa Zanji ulio kando ya bahari, watu wake wavuvi na wawindaji, wenye machimbo ya chuma, na chuma ndiyo biashara inayowapa faida kubwa kuliko zote. Kisha anasogea Mombasa. Anatia na habari za waganga wa Malindi waliodai kuwafunga nyoka, simba na chui wasidhuru watu. Hapo wazee wetu wala hawatambishia. Yeye mwenyewe hakufika pwani yetu, alikusanya maneno ya wasafiri na ya vitabu vilivyomtangulia, na wapo wataalamu wanaosema Malindi ya wakati huo ilikuwa pale Mambrui, ng'ambo ya mto Sabaki. Watu wa Mambrui wasisikie, hatutalala.

Kitabu hichohicho kinaieleza Trabia, kijiji kilicho mashariki mwa Palermo, penye maji yaendayo mbio na vinu vingi, ambako zilitengenezwa tambi kwa wingi hata zikapakiwa majahazini kupelekwa Calabria na nchi nyingine, za Waislamu na za Wakristo. Hiyo ni 1154. Marco Polo, anayesingiziwa kuzileta tambi kutoka China, alirudi Venezia mwaka 1295. Kwa hiyo tambi za Sicilia na chuma cha Malindi vilikaa ndani ya jalada moja karne tisa zilizopita, na mwongoza wageni aliyetutembeza kasrini hakuwa na habari. Nilimweleza. Alifurahi kweli, akaandika kwenye simu yake.

Humo kasrini usikose Cappella Palatina, kanisa dogo la mfalme. Watu huingia wakaduwaa kwa dhahabu ya kutani, kazi ya mafundi wa Kigiriki, wakasahau kuinua kichwa. Inua. Dari ni ya mbao, imechongwa mapango-mapango kwa namna ya majumba ya Waislamu wa zama zile, na ndani ya kila kipango wamechorwa watu: mpiga ala, wawili wanaocheza sataranji, bwana aliyekunja miguu na kikombe mkononi, na pembeni maandishi ya Kiarabu ya dua za heri. Ni juu sana. Chukua darubini ndogo, hata ya kuangalia ndege, vinginevyo utaona weusi tu na kuumwa shingo.

Halafu nenda Zisa, kasri la kupungia upepo lililoanzwa kujengwa miaka ya 1160. Watalii huko ni wachache. Ndani limewekwa jiwe la kaburi la mwaka 1149, ambalo kasisi mmoja wa mfalme alimwekea mama yake. Limeandikwa Kilatini, Kigiriki, Kiarabu, na Kiarabu tena kwa herufi za Kiebrania, na kila andiko linahesabu mwaka kwa kalenda ya watu wake. Mwana aliyefiwa na mamaye alitaka kila apitaye asome.

Waongoza wageni hupenda kuyasimulia haya kama hadithi tamu ya dini tatu zilizokula sahani moja. Kiasi ni kweli. Wasichopenda kumalizia ni kwamba kuanzia miaka ya 1220 Federico wa Pili, mjukuu wa Roger huyohuyo, aliwahamisha Waislamu wa Sicilia kwa nguvu mpaka Lucera, kule Puglia, na mwaka 1300 Carlo wa Pili wa Anjou akauvunja mji wao, wakazi wengi wakauzwa utumwani. Ukiijua habari hiyo, dari ile ya Cappella Palatina utaitazama kwa jicho jingine.

Habari za utumwa ndizo zilizonifikisha Santa Maria di Gesù, nyumba ya watawa Wafransisko chini ya mlima Grifone, nje kidogo ya mji. Hapo aliishi Benedetto, anayeitwa Mmoro kwa sababu ya weusi wake. Wazazi wake walikuwa Waafrika waliofanywa watumwa katika kijiji kinachoitwa leo San Fratello. Yeye alizaliwa huko miaka ya 1520. Hakujua kusoma wala kuandika. Alikuwa mpishi wa watawa, kisha wenyewe wakamchagua awe mkuu wao, na muda wake ulipokwisha akarudi jikoni. Alifariki 1589. Baraza la mji wa Palermo lilimchagua kuwa mmoja wa watakatifu walezi wa mji mwaka 1652, wakati Roma yenyewe ilikuja kumtangaza mtakatifu mwaka 1807. Yaani watu wa Palermo walimkubali mtoto wa watumwa zaidi ya karne moja na nusu kabla Papa hajatia muhuri. Julai 2023 moto wa msituni uliteremka mlimani ukalichoma kanisa, na mwili wake uliokuwa umehifadhiwa humo ukaungua karibu wote. Mimi ni Mwislamu na mambo ya masalia ya watakatifu si yangu, lakini nilisikitika.

Kutoka Palermo, basi linakufikisha Trapani, na hapo watu huuliza njia ya Erice, mji wa mawe juu ya mlima. Erice ni mzuri, una ukungu, una keki za lozi, na umejaa. Mimi hubaki chini kwenye chumvi.

Kati ya Trapani na Marsala pwani yote ni mabwawa ya chumvi, mengine bado na vinu vya upepo vya mawe vyenye mabawa ya mbao. Tulio karibu na Gongoni na Marereni chumvi si jambo geni kwetu, lakini huko ndiko nilikoelewa kazi yenyewe, kwa kuwa wanakuruhusu kuifuata hatua kwa hatua. Maji ya bahari huingizwa bwawa kubwa la nje. Yakishapungua husukumwa bwawa la pili lililo na kina kidogo, kisha la tatu, na kila yanakohamia yanazidi kuwa mazito na kuanza kuwa ya waridi. Kazi ya kinu ilikuwa kuzungusha parafujo kubwa ya mbao inayopandisha maji kutoka bwawa hadi bwawa, na vingine vilisaga chumvi. Siku hizi pampu za umeme zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Katika mabwawa ya mwisho chumvi hugandama chini. Majira ya joto huvunjwa, hurundikwa vichuguu vidogo vichuje maji, halafu hukusanywa katika lundo refu kandokando ya tuta, na kabla ya mvua za vuli hufunikwa kwa vigae vya udongo, kigae juu ya kigae, hata lundo zima linakuwa na paa. Vigae hivyo huachia hewa ipite na huzuia mvua. Heroe husimama katika maji yasiyo na kazi bado, maana tangu 1995 sehemu hiyo ni hifadhi. Al-Idrisi naye aliitaja chumvi ya Trapani. Huyu bwana hakuacha kitu.

Kisiwa cha Mozia kiko hapo karibu, katika wangwa wa Stagnone, dakika chache kwa boti. Kilikuwa mji wa Wafoinike, wafanyabiashara wa baharini wa kale wenye asili ya Lebanoni ya leo, mpaka Dionisio, mtawala wa Siracusa, alipouteketeza mwaka 397 KK. Kuna sanamu ya marumaru ya kijana aliyevaa kanzu nyembamba ya mikunjo, iliyofukuliwa mwaka 1979, na hiyo peke yake inatosha kulipia nauli ya boti. Mengine ni magofu na mizabibu.

Sasa Mazara del Vallo, ambako ningependa ukae kuliko kwingine kote.

Ni mji wa wavuvi, si mrembo kwa mtazamo wa kwanza. Mwaka 827 jeshi lililotoka Tunisia ya leo lilishuka hapa, amiri wake akiwa Asad ibn al-Furat, kadhi wa Kairouan, mzee wa miaka karibu 70, na hapo ndipo utawala wa Waislamu Sicilia ulipoanza. Hilo liko kwenye kila kijitabu. Kisichosimuliwa sana ni safari ya pili: kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 wavuvi wa Tunisia, wengi kutoka Mahdia, walianza kuja kufanya kazi kwenye meli za Mazara, kwani mabaharia wa kienyeji walikuwa hawatoshi. Matetemeko ya ardhi ya 1968 na 1981 yaliwafanya wenyeji wengi kuyahama majumba ya mji mkongwe, na Watunisia wakaingia kwenye vichochoro vilevile ambavyo mpangilio wake unasemekana ni wa zama za Waarabu. Mtaa huo unaitwa Kasbah. Tangu miaka ya 1980 una shule inayofundisha kwa Kiarabu kwa mtaala wa Tunisia.

Miaka ya karibuni serikali ya mji imeupamba kwa vigae vya rangi: kila kona ina picha, shairi, chungu, mlango uliopakwa bluu. Kwangu mimi wamezidisha. Kichochoro kinachojieleza chenyewe hakihitaji kuandikwa jina kila hatua tatu. Achana na vigae, ingia ua wa ndani ambako mtu ameanika nguo, msalimie. Nilipotoa salamu ya kwetu, mama mmoja aliyekuwa akichambua mboga kizingitini aliitikia, akanitazama kutoka mtandio hadi viatu, kisha akauliza kwa Kiitaliano, "Binti yangu, wewe wa wapi, mbona unasema kama mtu wa Milano?" Nikamwambia Malindi. Alipajua, mwanawe aliwahi kufanya kazi na bwana mwenye nyumba huko. Hakuna mahali Italia nimetaja Malindi nikaulizwa iko wapi.

Mama huyo na mwenye nyumba niliyofikia, bibi wa Kisicilia aliyezaliwa mtaani hapo, walikuwa na ugomvi wa kudumu kuhusu kuskusi. Ijumaa moja yule bibi aliniita nitazame. Alichukua bakuli pana la udongo lenye kingo zilizolala, wenyewe huliita mafaradda, akatandaza semolina chini. Mkono wa kushoto ulinyunyiza maji ya chumvi matone machache. Wa kulia ulizunguka, vidole vimetanuliwa kama mtu anayetafuta sindano mchangani, polepole, bila kubonyeza. Chenga zikaanza kushikana, zikawa punje. "Ukiharakisha unapata uji," alisema, na hakuongea tena mpaka akamaliza. Alizichanganya na mafuta ya zeituni, kitunguu na majani ya mlori, akazimimina katika chungu chenye matundu, akakikalisha juu ya sufuria ya maji yanayochemka. Hapo ndipo palipo na siri: alikanda unga kwa maji, akaufanya mkanda mrefu, akauzungusha kwenye kiungo cha vyombo viwili kuziba kila tundu, mvuke usipate njia nyingine ila kupita kwenye punje. Zaidi ya saa moja. Kisha akazirudisha katika bakuli, akazilowesha kwa mchuzi wa samaki wa miambani, akafunika, akalifunga bakuli zima kwa blanketi la sufi, akaliacha lipumzike. Sikuwahi kuona chakula kikilazwa.

Jirani wa Kitunisia alipoletewa sahani yake alionja akasema haina pilipili. Yeye ya kwake hutia harisa, dengu nzima na maboga. Bibi akasema pilipili ni ya kuficha samaki aliyelala. Nilivyoelewa, maneno hayo walikuwa wakiambiana tangu watoto wao wakiwa wadogo. Mimi, kama mtaniuliza, pilipili ilihitajika.

Mji huu unaishi kwa bahari na bahari huutoza. Kamba wekundu wa Mazara huvuliwa kwenye kina kirefu, hugandishwa humohumo melini na huuzwa ghali kote Italia. Watu huwala wabichi kwa ndimu na mafuta. Mimi niliomba wangu wakaangwe, mhudumu akanionea huruma. Lakini meli zinazowafuata kamba hao hufika mbali hadi maji yanayogombewa. Septemba 2020 watu 18 wa meli mbili za Mazara walikamatwa na kupelekwa Benghazi, Libya, wakakaa kizuizini zaidi ya siku 100 hadi Desemba. Waitaliano 8, Watunisia 6, Waindonesia 2, Wasenegali 2. Orodha hiyo inakueleza meli ya Mazara ni kitu gani kuliko maonyesho yoyote ya vigae.

Nyavu hizohizo ndizo zilizompandisha Satiri. Mwaka 1997 meli moja ya Mazara ilivua mguu wa shaba kwenye mlango wa bahari kati ya Sicilia na Tunisia. Mwaka uliofuata, kutoka kina cha mita karibu 500, ukaja mwili. Ni kiumbe wa hadithi za Wagiriki, katikati ya ngoma: mgongo umepinda, kichwa kimerushwa nyuma, nywele zinaruka, macho ni ya alabasta nyeupe. Mikono hana, na mguu mmoja hana. Baada ya kutengenezwa Roma alirudishwa Mazara mwaka 2003, na serikali haikufaulu kumng'ang'ania huko. Amewekwa katika kanisa la zamani la Sant'Egidio, chumba kimoja, yeye katikati. Mzunguke. Kutoka mbele anaonekana amelewa. Kutoka nyuma unaona msuli wa mgongo ulivyokazwa, unaelewa kwamba aliyemchonga alimtazama mchezaji wa kweli aliyepandisha mashetani. Niliyekaa naye benchi humo alikuwa mvuvi mstaafu aliyekuja kumtazama tu, kama anavyokuja, alisema, kila mvua ikinyesha.

Ukiwa na gari, ingia bara mpaka Gibellina. Usiku wa kuamkia 15 Januari 1968 tetemeko la bonde la Belice lilibomoa Gibellina, Poggioreale, Salaparuta na Montevago. Gibellina mpya ilijengwa kilomita kama 20 kutoka pale, na meya wake Ludovico Corrao akawaita wasanii wakubwa. Alberto Burri alikataa kuchonga chochote mji mpya, alitaka magofu. Kati ya 1984 na 1989 akayafunika kwa saruji nyeupe, karibu hekta 8, akiacha nyufa za kupita mtu zinazofuata baadhi ya njia za zamani. Kazi ilikamilika mwaka 2015. Sifa zake ni nyingi, na Gibellina imechaguliwa kuwa mji mkuu wa sanaa ya kisasa wa Italia kwa mwaka 2026. Nilitembea humo saa ya jua kali, kuta zikinizunguka. Ni kazi kubwa, sikatai. Lakini chini ya saruji ile kuna vyombo vya watu, vitanda, picha za harusi, na sikuweza kuacha kujiuliza nani aliulizwa. Magofu ya Poggioreale, yaliyoachwa yalivyo, yalinisemesha zaidi.

Ya safari yenyewe: mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Schengen, na aombe mapema, miezi siyo wiki. Treni ya kutoka Trapani hupita Marsala hadi Mazara, ya polepole, ukiwa na bahati unaona chumvi dirishani. Agosti usiende, joto lake halina upepo wa kusi, na Waitaliano wote wako huko. Septemba ndiyo, chumvi bado iko nje na San Vito Lo Capo wanafanya tamasha lao la kuskusi. Kahawa inywe umesimama, ukikaa mezani bei hubadilika.

Na kwa Waislamu wenzangu: ganda la cannoli la asili hukandwa kwa mafuta ya nguruwe, yanaitwa strutto, na mara nyingi hutiwa mvinyo wa Marsala. Uliza kabla ya kuuma, hawakasiriki, na siku hizi wapo wanaotumia mafuta mengine. Nyama, wachinjaji wa Kitunisia wako Mazara. Palermo ukishikwa na njaa barabarani tafuta panelle: unga wa dengu, maji, chumvi na kotimiri, hupikwa, hukatwa vipande vyembamba, hukaangwa, hutiwa ndani ya mkate wa ufuta. Waambie wakukamulie ndimu, na usikubali zile zilizokaa nyuma ya kioo tangu asubuhi.